Mkwaruzo Uliomfuata Binti wa Barafu

Uvumi ule ulimganda Inspekta kama utomvu. Aliusikia kwanza saluni, kichwa kimeinamishwa kwenye mikono ya msusi: eti Mzee Kurunzi kamsukuma mtoto wa watu kutoka jukwaani. Alipofika nyumbani akakuta wanawe pacha wameshausikia, tena umeshaota mkia: eti mzee huyo huwaita watoto kwa filamu kisha hufunga mlango kwa ndani. Asubuhi, muuza magazeti alimwongezea kipande kingine bila kuombwa. Kuna vijana, alisema, wameshatafuta petroli.

Hicho cha petroli ndicho kilichomkaa kifuani.

Mzee Kurunzi alikuwa mlinzi wa jumba la sinema lililofungwa miaka mingi iliyopita. Jina hilo alilipata enzi jumba likiwa hai, alipokuwa akiwaongoza waliochelewa hadi kwenye viti vyao kwa kurunzi, kisha anapanda juu kuendesha mtambo wa filamu. Inspekta mwenyewe aliongozwa hivyo utotoni. Hata sasa, akifumba macho, aliuona ule mviringo mdogo wa mwanga ukitangulia mbele ya ndala zake, na nyuma ya mwanga sauti ya upole: "Polepole, mwanangu, hapa kuna ngazi."

Lakini kumbukumbu si ushahidi, na mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua. Mtoto, msichana wa miaka kumi na moja ambaye mtaa mzima ulimwita Kishada kwa jinsi asivyotulia chini, kama kishada kinachorushwa na upepo, alikuwa amelazwa na mfupa wa paja uliovunjika, na alikuwa hasemi neno.

"Kaokotwa safu ya pili ya viti," mkuu alisema. "Mtu akianguka mwenyewe anaangukia pale pale, chini ya jukwaa. Huyu karushwa. Mlete mzee tumfungie. Hata kwa usalama wake."

Inspekta aliomba apewe mpaka jua lizame. Mkuu akamtazama kama mtu anayetazama mama anayebembeleza duka lisifungwe, akakubali.

Alikwenda kwenye jumba na koplo aliyefika wa kwanza siku ya tukio. Njiani alimuuliza aliona nini kwenye jukwaa. Koplo alijibu kwamba hakuona kitu cha ajabu, ila alishangaa sakafu ilivyokuwa safi, inang'aa, mpaka akatamani mkewe aione. Inspekta alimwacha koplo atangulie kupanda jukwaani, na koplo akapanda kwa hatua za mtu mwenye cheo, na hatua ya tatu ikamwondoka chini ya kiatu. Alikaa chini kwa kishindo, kofia upande.

"Sasa umeiona sakafu," Inspekta alisema. "Baki hapo hapo, usiniharibie alama."

Alivua viatu, akapiga magoti ukingoni. Juu ya mbao kulikuwa na utando mweupe uliolainishwa kwa kitambaa. Alikwangua kidogo kwa ukucha, akanusa. Nta ya mshumaa, na nyuma yake harufu ya mafuta ya taa. Nta ni shahidi mzuri kuliko watu. Huandika kila anayepita na haiongezi la kwake. Ilikuwa imeandika koplo, vizuri sana. Iliandika buti zake za siku ile ya kwanza, zilizoishia ukingoni tu. Na iliandika mistari miwili myembamba iliyoanza nyuma kabisa karibu na pazia la kuonyeshea filamu, ikazunguka jukwaa kwa mkunjo mzuri kama mtu anayechora herufi, ikaongeza mwendo, ikafika katikati, ikabonyea kwa nguvu mahali pamoja. Baada ya pale palikuwa patupu. Hakukuwa na alama tena mpaka ukingo, na baada ya ukingo viti.

"Hakurushwa," alimwambia koplo, ambaye bado alikuwa amekaa. "Alikuja kwa mwendo, akaruka. Mwendo ndio uliompeleka safu ya pili. Na wa kumsukuma angesimama wapi? Hakuna unyayo mwingine hapa."

Koplo aliuliza, sasa nta kapaka nani.

Hilo ndilo lililobaki. Inspekta aliinamisha shavu karibu na sakafu ili mwanga wa mlangoni upite juu ya nta kwa ubavu. Utando ulikuwa umepakwa kwa nusu duara, moja ikilalia nyingine, safu kwa safu, mpakaji akirudi kinyumenyume kwa magoti ili asikanyage alichomaliza. Hakukuwa na sehemu iliyorukwa. Mtu wa kawaida akipaka kitu sakafuni hupaka kama anayefukuza mende. Huyu alikuwa mtu wa kazi hiyo.

Chini ya kiti cha safu ya pili koplo aliona kiatu kilichosahauliwa: raba ya shule, na chini yake kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, kimefungwa kwa waya. Inspekta alikishika kiganjani muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitaji upelelezi. Miaka ile yeye na dada yake walifunga visahani vya bati chini ya ndala na kuteleza kwenye korido ya nyumba yao, wakijiita mabinti wa barafu, mpaka baba yao alipotoka chumbani na kukanyaga kisahani kimoja. Wakati ule hakuna aliyevunjika; kilichobonyea ni kisahani tu.

Mzee Kurunzi aliwakuta hapo. Alikuwa amezeeka kuliko Inspekta alivyotegemea. Magoti hayakukunjika tena, akishuka ngazi alishuka kama kabati linaloshushwa. Inspekta alimwondoa moyoni kwenye orodha ya wapakaji kabla mzee hajafika chini. Alimwamkia, mzee akaitikia, akamtazama usoni.

"Wewe ni yule wa safu ya mbele. Ulikuwa unalia filamu ikiisha."

"Nilikuwa nadhani barafu itayeyuka mkizima taa," Inspekta alisema. "Mzee wangu, kaa. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Juu. Kwenye mtambo."

"Na Kishada?"

"Hapa. Alitaka kuona filamu ya Binti wa Barafu. Nimebaki na ule mkanda mmoja tu. Nilimwonyesha mchana, mapazia yamefungwa."

"Akiwa amekaa?"

Mzee alisema mtoto alikaa mwanzo. Kisha akapanda jukwaani akasimama mbele ya pazia, ndani ya mwanga wenyewe, akaanza kuteleza sambamba na yule wa kwenye filamu. Yule wa filamu alipotanua mikono, mtoto naye alitanua. Alipozunguka, naye alizunguka. Mzee alikuwa anatazama kupitia kidirisha cha juu, na alikiri kwamba badala ya kupiga kelele alitabasamu, maana hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile tangu jumba lifungwe. Halafu yule wa kwenye filamu akaruka.

"Nani alipaka nta?"

"Sijui."

"Nani alimfundisha kwamba nta huteleza kama barafu?"

"Watoto wa siku hizi wanajua mambo."

Inspekta alimjua mtu anayemficha mtu. Hujibu haraka mno. Aliliacha swali hilo lipoe, akaomba kitu kingine: aonyeshwe filamu.

Koplo alifunga mapazia. Juu, mtambo ulianza kukereketa, na mwanga ukapita juu ya viti vitupu ukibeba vumbi lile lile la zamani. Inspekta alikaa safu ya mbele bila kufikiri. Binti wa Barafu akatokea kwenye pazia, mweupe na mweusi, sketi fupi, mshipi wa hariri kiunoni, akija kutoka mbali juu ya ziwa lililoganda ambalo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuliona popote ila hapo. Muziki ulikuwa umechakaa, unapanda na kushuka. Inspekta alimkumbuka dada yake aliyeolewa mbali, na mama yao aliyewasubiri nje kwa sababu alisema giza la sinema linampa kichwa. Binti alizunguka, akachuchumaa, akainuka, akaruka, akakaa hewani kama mtu aliyesahau kushuka, akatua kwa mguu mmoja, laini, bila kuyumba.

Hapo ndipo mpelelezi aliyekuwa ndani yake alipomgusa bega mtoto aliyekuwa ndani yake. Mtu akishuka, nguo hupanda, hilo sawa. Lakini mshipi ule ulikuwa umevutwa kwenda juu kabla hajaruka.

Alipaza sauti kuomba filamu isimamishwe pale pale. Mzee akajibu kutoka juu kwamba haiwezekani: filamu ikisimama mbele ya taa ile, taa inaila, inaungua tundu mbele ya macho ya watu.

"Basi izime. Nitaitazama kwa mkono."

Walikutana kwenye chumba cha mtambo. Mzee alivuta mkanda taratibu, akaunyoosha kwenye mwanga wa jua uliopita dirisha la nyuma, picha ndogo ndogo zikafuatana kama ngazi. Inspekta alizipitia moja moja na kioo cha kukuzia. Juu ya kiuno cha binti, kila picha ya mruko, palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, unapanda mpaka nje ya picha.

"Hiki nini?"

"Mkwaruzo. Filamu imezeeka kama mimi."

"Mkwaruzo wa filamu hushuka mahali pamoja, picha hata picha. Huu ukiutazama, binti akienda kulia unakwenda kulia. Akitua, unatua naye." Alishusha kioo. "Mzee wangu, mkwaruzo haumfuati mtu."

Mzee alikaa kwenye kigoda chake. Aligeuza kiganja cha kulia juu. Katikati yake, kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo cha mkono, kulikuwa na kovu pana, linang'aa, la kitu kilichopita kwa kasi na kuchoma.

Alisimulia bila kuulizwa tena. Ujanani, kabla ya jumba hili, alikuwa kibarua pale ilipopigwa filamu ile. Ziwa lilikuwa mbao zilizomwagiwa nta, theluji ilikuwa unga wa sabuni, na baridi ile yote ilipigwa kwenye joto lililowatoa jasho mpaka soksini. Binti alikuwa mwigizaji hodari, lakini kuruka hakujua. Alivishwa mshipi wa ngozi chini ya ule wa hariri, waya ukapandishwa kwenye boriti, ukashuka upande wa pili, ukaungwa na kamba, na mwisho wa kamba alikuwa yeye. Binti akiruka, yeye anakimbia kinyume. Binti akitua, yeye anamshusha kama anayelaza mtoto. Siku moja kamba ilimponyoka, akaikamata kwa kiganja.

"Mambo ya nta tulikuwa tunajisifia popote," alisema. "Ule ulikuwa ujanja wetu. Lakini kamba haikusemwa. Ilikuwa heshima ya yule binti, nasi wote tulioshika kazi tulikubaliana hivyo, na hakuna aliyewahi kuvunja. Mtu akiuliza, jibu lilikuwa moja."

"Na Kishada alikuuliza."

"Aliniuliza kama yule aliruka mwenyewe."

"Ukamjibuje?"

Mzee alifunga kiganja. "Kama tulivyokuwa tunajibu siku zote."

Inspekta hakumgombeza. Jibu hilo hilo yeye aliwapa pacha wake, mara ngapi, wakiwa wamejilaza mapajani mwake mbele ya televisheni, katuni za watoto wanaoteleza zikipita. Hizo za kuchorwa, aliwaambia, ni uongo wa kalamu. Lakini mimi kwa macho yangu niliona mtu wa kweli. Ndivyo tunavyofanya sisi wazazi. Tunamwambia mtoto kipi ni uongo ili aamini vizuri kile ambacho nacho hatukijui.

Sasa aliuliza swali lake lililopoa. Barafu ya nta alimsimulia nani? Mzee akasema alisimulia wengi. Inspekta akauliza, katika hao wengi, nani alikuwa akifagia jumba hili. Mzee akatazama nje ya dirisha la nyuma, na huko kutazama nje kukawa jibu.

Hospitalini ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa shangazi, majirani na vyombo vya chakula. Kishada alikuwa amelala, mguu umeinuliwa, macho darini. Mama yake alikuwa bado na sare ya usafi, maana alikuwa mfanyakazi wa hospitali hiyo hiyo. Alikuwa akifuta kabati la chuma pembeni ya kitanda. Alifuta kwa nusu duara, moja ikilalia nyingine, akirudi nyuma. Inspekta alisimama mlangoni mpaka kabati likaisha.

Alimwita koridoni. Hakumzungusha.

"Dada, nta uliichemshia wapi?"

Mwanamke yule aliegemea ukuta. Alisema jikoni kwake, kwenye sufuria kuukuu, na mafuta ya taa kidogo ili ikubali kulainika. Moto nusura uruke. Alipaka asubuhi, akaenda zamu, akijua mzee atakuwepo kumwangalia mtoto. Kishada alikuwa amemsumbua tangu aone kwenye simu katuni ya msichana anayeteleza. Mama akamwambia: hiyo ni michoro tu, mtu wa kuchorwa hana mifupa, lakini mimi nilipokuwa nafagia lile jumba nilimwona wa kweli, na najua barafu yake ilitengenezwaje.

"Nilitaka aone nilichokiona," alisema. "Sikuwa na kitu kingine kizuri cha kumpa cha utoto wangu."

"Na habari ya kusukumwa?"

"Sikuisema mimi."

"Nani?"

"Walinikuta nalia hapa. Jirani akaniuliza, amesukumwa? Mimi nikanyamaza." Alivuta pumzi. "Ningesema nini? Kwamba mtoto nimemvunja mwenyewe? Kazini wangenifukuza, mtaani wangenicheka, na baba yake angemchukua. Nikasema nikinyamaza maneno yatachoka."

"Hayakuchoka. Yametafuta petroli."

Hilo alikuwa halijui. Uso wake ulibadilika mbele ya macho ya Inspekta, kama nguo inayotolewa majini. Alisema mzee yule alimlinda siku zote hizi bila kumtaja. Inspekta akasema ndiyo, na kwamba angeweza kuandika taarifa yake kituoni na kazi ikaisha, lakini uvumi hausomi majalada. Ulitoka kwenye wodi ile, kwa watu wale wale waliokaa pale na vyombo vyao. Na kinywa kilichonyamaza ndicho pekee kitakachoaminiwa kikisema.

Koplo alikuwa amemleta Mzee Kurunzi kwa gari. Alipoingia wodini, mazungumzo yalikatika kitanda kwa kitanda. Shangazi mmoja alisimama kabisa, mwiko mkononi.

Mama Kishada alitangulia mbele yake. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi aanze upya. Aliwaambia kwamba hakuna aliyemsukuma mwanawe. Nta alipaka yeye. Mtoto aliruka, na mzee alikuwa juu kwenye mtambo. Na yeye, mama mtu, aliulizwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomsukuma mzee. Jirani aliyeuliza siku ile alikuwepo. Alianza kupanga vyombo vilivyokuwa vimepangika.

Kishada aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza. Hakumtazama mama yake, alimtazama mzee.

"Babu, nilikosea wapi? Nilifanya yote kama yeye."

Kumbe huo ndio uliokuwa mzigo wake. Siku zote hizo mtoto alilala akitafuta kosa kwenye miguu yake, huku akilinda mdomo asimtaje mama.

Mzee Kurunzi alitafuta mahali pa kukaa. Koplo akamsogezea kiti. Alitazama huku na huku, watu wote wale, siri ya maisha yake yote ya kazi, kisha akafungua kiganja na kukiweka kando ya mkono wa mtoto.

"Hukukosea, mjukuu wangu. Ulifanya vizuri kuliko yeye. Yeye alikuwa na kamba kiunoni, na mwisho wa kamba nilikuwa mimi. Wewe ulikosa mtu wa kushika."

Mtoto alipitisha kidole juu ya kovu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Halafu akalia, kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na mama yake akapata ruhusa ya kumshika.

Jua lilikuwa linashuka Inspekta alipomrudisha mzee. Langoni kwa jumba walisimama vijana wawili. Habari za wodi zilikuwa zimewatangulia kwa simu. Mmoja alisogeza dumu nyuma ya miguu yake, akasema shikamoo. Mzee aliitikia, akawasha kurunzi yake ya zamani, akamulika kizingiti. "Polepole, Inspekta," alisema. "Hapa kuna ngazi."

Jalada lilifungwa kama ajali, na onyo kwa mama. Lakini Inspekta alijua majalada yanasomwa na nani. Nyumbani aliwakalisha pacha wake, akawaeleza habari ya kamba, wakakasirika kama watu walioibiwa, kisha wakaomba kuiona filamu yenyewe. Nyuma ya kalenda kuukuu akaandika kwa herufi kubwa, na asubuhi akakwenda kuibandika kwenye mlango wa sinema, kimo cha macho ya mama aliyeshika mtoto mkono:

Usipake nta, sabuni wala mafuta sakafuni ili mtoto ateleze.

Usichemshe nta na mafuta ya taa jikoni, hata kidogo.

Usimfungie mtoto plastiki, bati wala sahani chini ya viatu.

Usimwache mtoto aruke alichokiona kwenye katuni. Aliyechorwa hana mifupa.

Usimwache peke yake kwa kuwa kuna mtu mzima mahali fulani ndani ya jengo.

Usinyamaze ukisikia mtu anasingiziwa na wewe unajua ukweli.

Usipeleke mbele habari ambayo hukuiona.

Usimwambie mtoto "aliruka mwenyewe" kabla hujauliza nani alishika kamba.